WASIA WA MZAZI NA ULINZI WA MTOTO MDOGO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wazazi kuwa wachungaji wa watoto wao, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyekulia katika uyatima, na Ali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ajue Muislamu kwamba mtoto mdogo hana ulimi wa kujitetea wala mkono wa kukizuia kilicho chake. Akifa baba yake, haki yake inabaki katika dhima za watu wengine. Wakiogopa Mungu itamfikia, na wasipoogopa atakua aulize ilikwenda wapi. Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika aya ya 9 ya Suratun-Nisaa, amewazindua watu wazitazame nafsi zao: lau wao ndio wangekufa na kuacha watoto dhaifu, wangewahofiaje? Wafasiri wamesema kwamba hofu hiyo anatakiwa mtu aiweke mbele ya macho yake kabla ya kunyoosha mkono katika mali ya yatima wa mwenzake. Na mwenye watoto wadogo anaihitaji zaidi, kwani hao ni watoto wake mwenyewe, na mauti hayangoji wakue.

Jambo hili ni zito zaidi kwa jamaa wanaoishi ughaibuni. Zamani mtu wa Unguja au Pemba akifa kijijini kwake, alimwacha mtoto katikati ya mashangazi, wajomba na majirani, na shamba lake likijulikana mpaka wake na hesabu ya miti yake. Leo baba anafanya kazi Maskati, Dubai au Doha. Mke na watoto wanakaa kwa ikama iliyofungamana na kazi yake. Nyumba iko Mombasa, kiwanja kiko Unguja, akiba iko benki, na ndugu mmoja yuko London na mwengine Dar es Salaam. Akifariki, benki huifunga akaunti mpaka iletwe hati ya mahakama yenye kutaja warithi, ambayo Oman huitwa i'lam shar'i. Katika siku hizo mjane huweza kukosa fedha ya maziwa ya mtoto, na hali mali ipo. Wala hapana aliyemdhulumu. Ni kwamba marehemu hakupanga.

WASIA WA ABDUL-MUTTALIB

Katika sira ya Mtume (S.A.W.) kuna somo ambalo wengi hulipita haraka. Baba yake, Abdallah, alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake, Amina, alifariki naye ana umri wa miaka sita hivi, akachukuliwa na babu yake Abdul-Muttalib. Babu naye alipofikwa na mauti, mtoto akiwa na miaka minane, hakumwachia mtoto watu wagombanie au wasukumiane. Alimuusia kwa Abu Talib.

Abdul-Muttalib alikuwa na watoto wa kiume wengi, na miongoni mwao wamo waliokuwa na mali kuliko Abu Talib, ambaye alikuwa na watoto wengi na kipato kidogo. Lakini Abu Talib alikuwa ndugu wa Abdallah kwa baba na mama, na alikuwa mtu wa huruma. Babu alitazama ukaribu na moyo kabla ya mfuko. Na kilichotokea baadaye kinajulikana: Abu Talib alimlea, akasafiri naye, na akasimama upande wake mbele ya Makureshi. Watu wengi wa leo wakiulizwa watamwachia nani mtoto wao, jina la kwanza linalowatoka ni la ndugu mwenye nyumba kubwa.

MAMBO MATATU YANAYOCHANGANYWA

Maulamaa wametenganisha mambo matatu ambayo watu wa kawaida huyafanya kuwa moja. La kwanza ni hadhana, nayo ni malezi ya kila siku: kumlisha mtoto, kumvisha, kumuuguza na kulala karibu naye. La pili ni wilaya ya nafsi, yaani usimamizi wa mambo yake makubwa kama masomo, safari, na ndoa kwa msichana. La tatu ni wilaya ya mali, yaani kushika alichorithi, kukihifadhi na kukitumia kwa maslahi yake.

Katika hadhana mama ametangulizwa. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja alimshitakia Mtume (S.A.W.) mume aliyemwacha na kutaka kumnyang'anya mtoto wake, naye akamwambia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi ya mtoto huyo maadamu hajaolewa. Oman, katika Sheria ya Ahwal Shakhsiyya iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani nambari 32 ya mwaka 1997, hadhana ya mtoto wa kiume huendelea mpaka atimize miaka saba, na ya msichana mpaka abaleghe, isipokuwa kadhi akiona maslahi ya mtoto yako kwengine. Mama akiolewa na mtu ambaye si maharimu wa mtoto, hadhana yake huingia shakani, lakini hapo pia mahakama imepewa nafasi ya kutazama maslahi. Imarati wametoa sheria mpya mwaka 2024, iliyoanza kutumika mwaka 2025, na kwao muda wa hadhana umefikishwa miaka kumi na minane. Basi aliyehama kutoka Maskati kwenda Abu Dhabi asidhani kwamba amehama na hukumu zile zile.

Ama wilaya ya mali, njia yake ni nyengine. Mwenye haki ya kwanza ni baba. Baada yake ni wasii, yaani mtu ambaye baba amemteua katika uhai wake. Asipokuwapo wasii, jambo hurudi kwa kadhi, naye humteua anayemwona anafaa. Kuhusu babu mzaa baba, maulamaa wamehitilafiana: kwa Mashafii babu humtangulia wasii wa baba, na wako wengine waliomtanguliza wasii. Hitilafu hii si ya vitabuni tu. Familia nyingi za pwani ya Afrika ya Mashariki zina mume Muibadhi na mke Mshafii, au kinyume chake, na zamani Zanzibar ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni kwa ajili hiyo hiyo. Mwenye baba aliye hai na akataka asimamie mtu mwengine, au akataka asimamie babu, na aandike wazi, asiiache kwa hitilafu za madhehebu.

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Mama hudhani kwamba kwa kuwa mtoto yuko mikononi mwake, na mali ya mtoto nayo iko mikononi mwake. Si hivyo. Hadhana haimpi mama idhini ya kuuza kiwanja cha mtoto wala kutoa fedha zake benki. Idhini hiyo huipata kwa wasia wa mume wake au kwa hukumu ya kadhi. Ami naye hudhani kwamba kwa kuwa yeye ni asaba, basi mali ya yatima inamngojea. Hilo nalo si kweli. Naye anahitaji wasia au hukumu kama mwengine yeyote.

HESABU MOJA KWA MFANO

Ili jambo lieleweke, na achukuliwe mtu aliyefariki Maskati akaacha mke, mama yake mzazi, mtoto wa kiume wa miaka minne, binti wa miaka saba, na ndugu yake wa kiume. Mali yake yote ni riali 42,000 za Oman. Gharama za maziko na madeni, pamoja na mahari ya mke yaliyokuwa hayajalipwa, ni riali 3,000. Zimebaki 39,000. Alikuwa ameusia riali 3,000, na hizo zimo ndani ya thuluthi, kwa kuwa thuluthi ni 13,000. Zimebaki 36,000 za kurithiwa.

Mke anapata thumuni, na mama anapata sudusi, kwa sababu marehemu ana watoto. Kilichobaki ni cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa fungu moja. Mas-ala haya husahihi kwa mafungu 72: mke 9, mama 12, mtoto wa kiume 34 na binti 17. Kila fungu ni riali 500. Basi mke ana riali 4,500, mama 6,000, mtoto wa kiume 17,000 na binti 8,500. Ndugu hana kitu, kwa kuwa amezuiliwa na mtoto wa kiume.

Na atazame msomaji: katika riali 36,000, riali 25,500 ni za watoto wawili ambao hawajui hata kuhesabu mpaka mia. Zaidi ya theluthi mbili za mali ya nyumba hiyo zinangoja mtu wa kuzishika kwa muda wa miaka kumi na zaidi. Swali la nani atarithi limekwishajibiwa na Qur-ani katika aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa, wala hapana wa kuligeuza. Swali lililoachiwa baba ni nani atashika. Ajabu ni kwamba watu hugombana kwa lile la kwanza, lisilo na shauri, na hunyamaza kwa hili la pili, ambalo shauri lake ni lao.

NANI AFAA KUWA WASII

Maulamaa wamesharutisha kwamba wasii awe Muislamu, mwenye akili, aliyebaleghe, muaminifu, na mwenye uwezo wa kuitekeleza kazi. Sharti hili la mwisho hudharauliwa. Mtu huweza kuwa mchamungu, akasali safu ya kwanza kila siku, na asijue kusoma karatasi ya benki wala kumkatalia ndugu yake anayekuja kukopa. Huyo ni mtu mwema, lakini mali ya yatima itayeyuka mikononi mwake kwa haya.

Je, mwanamke huweza kuwa wasii? Jamhuri ya maulamaa wamesema ndiyo, na katika hoja zao ni kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alimuusia binti yake, Bibi Hafsa, usimamizi wa wakfu wake, na hali watoto wake wa kiume wapo. Basi mume anayemjua mkewe kuwa ni muaminifu na mwenye busara, hapana kinachomzuia kumfanya wasii wa mali ya watoto wao. Na kwa familia za ughaibuni hilo mara nyingi ndilo lenye maslahi zaidi, kwa sababu mama yupo na mtoto, na anajua ada ya skuli inalipwa lini na dawa inanunuliwa wapi. Akihofia kuwa mama atalemewa, au kwamba jamaa watanung'unika, amteue mama kuwa wasii na ndugu mmoja kuwa mushrif, yaani mwenye kutazama hesabu bila ya kushika mali.

Akiteua wasii wawili, aseme waziwazi iwapo kila mmoja anaweza kutenda peke yake au ni lazima wawe pamoja. Asiposema, asili ni kwamba wameteuliwa pamoja, na mmoja hatendi bila ya mwenzake. Na ikiwa mmoja yuko Maskati na mwengine yuko Toronto, mtoto atangoja saini mpaka achoke. Ateue pia wa akiba, kwani wasii naye ni mtu wa kufa. Na amuulize kabla ya kuandika jina lake. Anayeusiwa ana haki ya kukataa maadamu muusiaji yu hai; lakini akikubali, kisha muusiaji akafa kwa kumtegemea, wako maulamaa waliosema hawezi kujitoa bila ya udhuru.

Yako mahali ambapo tahadhari inahitajika zaidi. Mtu akifa akaacha mke, binti mmoja na ndugu wa kiume, binti hupata nusu, mke thumuni, na kilichobaki humwendea ndugu kwa uasaba. Nyumba moja imekuwa ya watu watatu. Ndugu huyo akiwa ndiye wasii wa binti, basi siku ya kuuza nyumba au kuikodisha yeye ni muuzaji kwa upande wake na ni muuzaji kwa upande wa yatima. Na akitaka kuinunua yeye mwenyewe, amekuwa muuzaji na mnunuzi. Huenda ni mtu mwadilifu kabisa. Hata hivyo, maulamaa hawakupenda mtu awekwe mahali ambapo nafsi yake inamvuta huku na dhima yake inamvuta kule, na kuuziana na yatima katika hali hiyo hakufai ila kwa mbele ya kadhi na kwa bei isiyo na shaka.

YALIYOMO NDANI YA WASIA

Wasia huanza na madeni, nayo ndiyo watu wanayoyasahau. Mahari ya mke yaliyobaki ni deni. Mkopo wa gari ni deni. Fedha ya mchango wa jamaa iliyokuwa mkononi mwa marehemu ni amana, na isipoandikwa itagawanywa kama mirathi, na watoto watakula kisichokuwa chao bila ya kujua. Vile vile ayaandike anayoyadai watu, kwani mdaiwa wa kweli husahau, na asiyekuwa mkweli hufurahi.

Kisha kuna haki za Mwenyezi Mungu zilizobaki katika dhima, kama zaka, hija na kafara za viapo. Kisha ni wasia kwa jamaa wasiorithi. Kwa maulamaa wa Kiibadhi wasia huu ni wajibu kwa mwenye kuacha mali, kwa aya ya 180 ya Suratul-Baqara. Hukumu yake imeondoka kwa wale waliopewa mafungu ya mirathi, na imebaki kwa wasiorithi. Katika mfano uliotangulia, ndugu wa marehemu ambaye hakupata kitu ndiye hasa anayeingia katika wasia huu. Na katika jambo hili kuna hikima inayomrejea mtoto mwenyewe: ami aliyekumbukwa na ndugu yake hata kwa kidogo, huwa mwepesi zaidi kumshika mkono mtoto wa ndugu yake.

Wasia wote hauzidi thuluthi. Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alitaka kuusia mali nyingi kuliko hiyo, na Mtume (S.A.W.) akamzuia mpaka thuluthi, na akamweleza kwamba hiyo thuluthi nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wanaomba watu. Mwenye watoto wadogo na mali kidogo ana haja kubwa ya kuikumbuka hadithi hii, asije akajenga msikiti kwa fedha ya maziwa.

Wala hapana wasia kwa mrithi. Kwa hiyo baba mwenye mtoto mgonjwa, au mtoto wa mwisho aliye mdogo kuliko wote, hawezi kumzidishia fungu lake kwa wasia ila warithi wengine waridhie baada ya kufa kwake. Na warithi hao wakiwa nao ni watoto wadogo, ridhaa yao haihesabiwi, wala walii wao hawezi kuitoa haki yao kwa niaba yao. Mlango uliobaki ni kumpa katika uhai. Hapo nako kuna sharti la uadilifu: Nuuman bin Bashir (R.A.) alipewa na baba yake kitu peke yake bila ya ndugu zake, na Mtume (S.A.W.) akakataa kulishuhudia jambo hilo. Wako maulamaa walioruhusu kuzidisha kwa haja ya wazi kama maradhi ya kudumu. Lakini kilichotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, kwa hiyo asingoje mpaka alazwe hospitali.

Na asisahauliwe mjukuu. Mtoto ambaye baba yake amekufa kabla ya babu yake harithi kwa babu maadamu ami zake wapo. Huyu ni yatima mara mbili: amemkosa baba, kisha anakosa alichokuwa angekipata baba. Lakini kwa kuwa si mrithi, yeye ni katika jamaa wa karibu kabisa wanaostahiki kuusiwa. Sheria ya Oman iliyotajwa imelifanya jambo hili kuwa lazima kwa watoto wa mtoto wa kiume aliyekufa kabla ya baba yake au pamoja naye, ndani ya thuluthi na kwa masharti yake. Babu mwenye insafu haingoji sheria imfanyie.

KUANDIKA NA KUSHUHUDISHA

Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.) Muislamu mwenye kitu cha kuusia amekatazwa kulala masiku mawili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa kwake. Hapana umri uliotajwa hapo. Kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mtoto mmoja na gari la kukopa ameingia katika maneno hayo kama mzee wa miaka themanini. Na muusiaji anaweza kuurudia wasia wake, akaongeza na kupunguza, maadamu yu hai na akili yake timamu. Kwa hiyo asiogope kuandika kwa kuwa mambo yatabadilika.

Mashahidi ni wawili waadilifu. Na Qur-ani imemtaja hasa msafiri: katika aya ya 106 ya Suratul-Maida na mbili zinazofuata imeelezwa namna ya kushuhudisha wasia kwa mtu aliyefikwa na mauti ugenini, na hatua ya kufuata mashahidi wakishukiwa. Mwenyezi Mungu hakuona safari kuwa ni udhuru wa kuacha wasia, bali ameiwekea safari hukumu zake. Mwenye kuishi Oman aufikishe wasia wake kwa Kaatibul-Adl ili usije ukapingwa. Mwenye mali Zanzibar ajue kwamba mirathi ya Waislamu huko hupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezibakisha Mahakama za Kadhi kwa mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Basi nakala ya wasia yenye tafsiri ifike kila mahali penye mali, na hati za viwanja zitajwe kwa nambari zake. Kusema tu "shamba letu la kule" hakumsaidii mtoto aliyezaliwa Ruwi, asiyejua "kule" ni wapi.

Jamaa walioko Uingereza wana hatari ya namna nyengine. Huko Muislamu asipoacha wasia ulioandikwa kwa masharti ya nchi, mali yake haigawanywi kwa Qur-ani. Katika sheria ya Uingereza na Wales, mke au mume aliyebaki huchukua vyombo vya nyumbani, paundi 322,000 za mwanzo kwa kiwango kilichowekwa Julai 2023, na nusu ya kinachobaki. Nusu ya pili ni ya watoto sawa kwa sawa, na mama wa marehemu hapati kitu. Na mke aliyeolewa msikitini tu bila ya ndoa kuandikishwa hahesabiwi mke katika mgao huo. Wasia wa huko husainiwa mbele ya mashahidi wawili waliohudhuria pamoja, na shahidi asiwe mwenye kupewa kitu ndani yake wala mke au mume wa aliyepewa, kwani atakikosa.

Ama mtoto mwenyewe, sheria ya huko ya mwaka 1989 inamruhusu mzazi mwenye mamlaka ya uzazi kumteua mlezi kwa maandishi yenye tarehe na saini, na kwa kawaida uteuzi huo huanza kazi wakifa wazazi wote wawili. Baba asiyekuwa na ndoa iliyoandikishwa hana mamlaka hayo moja kwa moja. Huyapata kwa jina lake kuandikwa pamoja na la mama katika cheti cha kuzaliwa, kwa watoto walioandikishwa tangu Disemba 2003, au kwa mapatano rasmi au kwa mahakama. Wazazi wakifa pamoja barabarani bila ya kuteua mtu, mtoto huweza kuwekwa na serikali kwa watu wasiojua sala yake wala lugha yake, mpaka mahakama iamue. Karatasi moja yenye saini ingelitosha.

KAZI YA WASII

Ilipoteremka makamio ya wanaokula mali za mayatima kwa dhulma, Sahaba waliokuwa na mayatima majumbani waliingiwa na khofu. Imepokewa kwamba walikitenga chakula cha yatima na chao. Kikibaki kitu huwekwa mpaka yatima akile au kiharibike. Jambo likawa zito, wakamuuliza Mtume (S.A.W.), na hapo ikateremka aya ya 220 ya Suratul-Baqara, iliyowaruhusu kuchanganya nao kama ndugu, na kuwakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu anamjua mwenye kuharibu na mwenye kutengeneza. Kwa hiyo wasii hatakiwi kupikia yatima chungu chake. Anatakiwa aandike: kilichoingia, kilichotoka, na sababu. Chakula huchanganywa, lakini akaunti ya benki haichanganywi.

Wasii tajiri ajizuie asile chochote, na masikini ale kwa kadiri ya wema, kama ilivyokuja katika aya ya 6 ya Suratun-Nisaa. Aitoe zaka ya mali ya mtoto kwa kauli ya wengi, na asiiache fedha imelala miaka kumi ikaliwa na zaka na kupanda kwa bei. Wala asiitie katika biashara ya kubahatisha, akisema anamtafutia yatima faida. Asimkopeshe ndugu, na asijikopeshe yeye mwenyewe.

Aya hiyo hiyo imeamrisha mayatima wajaribiwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana rushdi wapewe mali yao. Kubaleghe peke yake hakutoshi, na kwa sheria ya Oman umri wa rushdi ni miaka kumi na minane. Wazee wa pwani walikuwa wakimpa kijana karafuu kidogo akauze, kisha wanamuuliza aliuza kwa nani, kwa bei gani, na fedha iko wapi. Kijana wa leo na apewe fedha ya matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja, alete hesabu yake. Akiharibu, ataharibu kidogo, naye bado yuko chini ya mkono wa wasii, na ajaribiwe tena mwezi unaofuata.

Siku ya kumkabidhi, washuhudishwe watu, kama Qur-ani ilivyoamrisha. Asomewe hesabu yote tangu siku ya kufa kwa baba yake, apewe hati na vitabu vya benki, na yeye na wasii watie saini mbele ya mashahidi; msichana na mvulana ni sawa katika hilo, na fungu la msichana halikai kwa kaka yake ila kwa wakala aliouandika mwenyewe baada ya kulipokea.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.